Mama Yako Hajanuna, ni Betri

Al-Mina, Tripoli,
Lebanon.
14 Novemba 2022

Mpendwa mpwa wangu Nizar,

Salamu kwanza, habari baadaye. U mzima? Lubna mkeo mzima? Na huyo mtoto ameota meno? Baridi ya huko Bremen nasikia inapasua mawe, basi vaa, usijifanye kijana. Mimi mjomba wako ni mzima kabisa. Magoti yanapiga kelele lakini yanakwenda, na ghorofa nne nazipanda upesi kuliko vijana wa mtaa huu. Waulize.

Mwandiko wangu unaujua, kama kuku kapita kwenye unga. Lakini jambo hili silisemi kwenye simu na mama yako amekaa pembeni, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Ile sauti yako uliyonitumia nimeisikiliza. Unasema mama hataki kuzungumza nawe. Kila Jumapili anakuharakisha, anakupa radhi kama mtu anayefukuza mgeni, anaaga, anafunga. Unasema bado ana hasira kwamba hukuja kumzika baba yako.

Nilikutukana kidogo, peke yangu. Kisha nikaenda kuona kwa macho. Mimi siletewi habari, nazifuata.

Jumapili nikakaa kwa dada yangu kabla hujapiga. Saa hiyo jenereta ya mtaa huwa imezimwa, na umeme wa serikali tusiuzungumze. Fadwa amevaa gauni la kijani na mtandio mpya, utadhani anakwenda harusini. Akafungua kompyuta yake, akazima zile taa za chini ya herufi. Akapunguza mwanga wa kioo. Ulipopiga hakukutazama wewe, alitazama kile kibetri kilichochorwa pembeni. Kilipokuwa chekundu akakimbilia radhi. Wewe ukaondoka, yeye akaendelea kusema na kioo cheusi. Alikuwa anakwambia kwamba viatu vya baba yako bado viko mlangoni, hajui ampe nani.

Nikamuuliza, "Fadwa, mbona unamkimbiza mtoto?"

"Betri ikifa kabla sijampa radhi, je? Baba yake alikuwa anaongea naye, katikati ya neno umeme ukakatika, na hawakuonana tena. Mimi sitakatika hivyo."

"Basi ijaze chaji mpaka juu."

"Nizar amesema thamanini."

Kumbe ndiyo hiyo. Kile kiendeshi, ile programu uliyoiandika mwenyewe ili ule mfumo wa bure wa kompyuta uweze kuamrisha feni na taa na betri za kompyuta hiyo, umekiwekea mpaka: chaji ikifika thamanini kwa mia, isimame. Na betri yenyewe imezeeka kama mimi, ila mimi nadumu.

Nikasema hili dogo. Nimetengeneza friji za nusu ya Mina, nitashindwa na thamanini? Nikachukua bisibisi, nikafungua kifuniko cha chini, nikatafuta ilipo, kama ile swichi ya baridi kwenye friji. Sikuiona. Nikafunga. Skrubu moja imebaki mkononi, lakini usijali, inawaka.

Nikaipeleka kwa Marwan wa duka la simu. Akacheka mpaka akaweka kahawa chini.

"Mzee Ratib, hiyo imeandikwa, haikukazwa kwa skrubu. Mpwa wako ameweka thamanini ili betri isichakae. Kwa mtu ambaye umeme wake haukatiki, ni akili. Na kazi yake ameiacha wazi, yeyote duniani anaweza kuisoma na kuibadili. Naandika mstari mmoja tu, inajaa mia."

Abu Haytham wa mtaani kwetu alikuwepo, na mdomo wake. "Kijana kaumia macho miaka, halafu kagawa bure? Ukoo wenu mna akili kweli?"

Nikamwambia, "Wewe hata salamu hujawahi kugawa bure." Watu walicheka, nakwambia.

Sikutaka aandike bila Fadwa kujua, nikamleta Marwan nyumbani kwake. Fadwa akampa kahawa, akampa biskuti, akaifunika kompyuta kwa kiganja.

"Watu wa dunia wabadili wanavyotaka," akasema. "Mimi ni mama yake. Alichoweka mwanangu hakiguswi."

Marwan akanywa, akaenda zake. Mimi ni mkaidi, lakini yule tulizaliwa tumbo moja.

Basi mwanangu, hakuna hasira hapo. Ni hiyo thamanini, na wewe peke yako unaweza kuiondoa. Usimwambie nimekuandikia. Mwambie umefikiri upya, kwa umeme wa kwetu iwe mia, na betri ikichakaa utamletea nyingine. Kwa mdomo wako atakubali, kisha Marwan ataandika mstari wake.

Na Jumapili itakayofuata usiage wewe. Mwulize habari za viatu, kisha nyamaza. Hata chakula chako kipoe, hata mtoto alie, mwache aseme mpaka aage mwenyewe.

Mke wangu Samira anakusalimu, amekutilia kiungo cha zaatari kwenye mfuko wa msafiri anayeleta barua hii. Msalimie Lubna sana, mbusu mtoto mashavu yote mawili. Mungu akulinde ugenini, akupe riziki isiyokuwa na masimango, na akurudishe kwetu mama yako akiwa bado anafungua mlango kwa mkono wake.

Wako akupendaye kuliko unavyojua,
Mjomba wako Ratib,
fundi wa friji