Sale la mwanangu

Jumanne. Ukungu umekaa hapa Mtae tangu alfajiri, hata banda la mbuzi silioni. Moyo wangu nao hivyo hivyo.

Sale langu la nyuma ya migomba limekufa.

Nyie mnapanda masale getini kwa urembo, kwa sababu ni kijani mwaka mzima. Halafu mnayaacha yakauke, hamna haya. Langu lilikuwa juu ya kaburi la mwanangu wa kwanza. Alifariki akiwa bado wa kukaa ndani, kabla ya siku ya kutolewa nje juani na kutajwa jina. Zamani kwetu mtoto wa hivyo alizikwa kimya kimya, bila jina, bila msalaba. Alipewa sale tu.

Mvua zilipozidi shina likaanza kuoza. Nikakata vipande nikavichomeka kwenye mchanga, kivulini, kama ninavyofanya siku zote. Vikaoza. Nikakata vingine. Navyo vikaoza, maana ugonjwa ulikuwa ndani ya shina na kila kipande kiliondoka nao.

Mjukuu wangu Stella anafanya kazi maabara ya miche. Alikuja akakata ncha ya juu kabisa, ndogo kama punje ya mchele.

“Hapa ugonjwa haujafika, Bibi. Nitaiotesha kwenye chupa.”

“Chupa? Mti huu au dawa ya kikohozi?”

“Bibi nawe.”

Nikamwambia akiipoteza, shikamoo yake asiniletee tena.

Miezi imepita. Wiki iliyopita kaniletea mche kwenye kikopo, umefunikwa nailoni, majani laini mno. Nikachukua jembe twende kaburini. Akanishika mkono.

“Haujawahi kuona jua wala upepo. Ukiutoa ghafla utakufa. Ukae ndani kwanza, uufungulie kidogo kidogo.”

Nilikaa chini. Mama mkwe aliniambia hivyo hivyo, mtoto akiwa mapajani pangu.

Stella hakujua kwa nini nimeliweka jembe kando. Sikumwambia.

Nimeuweka chumbani kwangu. Kila asubuhi napanua tundu la nailoni, nausemesha, naukaripia ukilegea. Leo nimegusa majani, yamekaza.

Jembe liko mlangoni. Ukungu ukiinuka kesho, namtoa nje mwenyewe, nisimame naye juani kwanza kabla ya kumpanda.

Jina nilishamchagulia tangu wakati ule. Sijawahi kulitamka mbele ya mtu.

Kesho nitalitamka.