Panapotoka Damu, Mama

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia, maana huu ni mwaka wa tisa tangu tukuzike Tindiga, lakini ulinilea nisimwanzie mkubwa maneno kabla sijamwamkia, na leo maneno ninayo mengi. Nina hofu, mama. Kesho asubuhi narudi Kilosa kwa daktari wa meno, na jino langu la mbele, la chini, linacheza.

Unalijua jino lenyewe. Ndilo nililokatia uzi tangu siku uliponikabidhi cherehani yako, nawe ukinigombeza, "Mkasi upo hapo, wewe unatafuna nyuzi kama panya!" Siku hizi nina kibanda changu cha kushonea hapa Mikumi, karibu na barabara kuu. Nashona sare za shule, madera, na mapazia mara mojamoja. Miezi miwili iliyopita nilikuwa namalizia pindo la dera, nikang'ata uzi kama kawaida, jino likasogea. Mwenye dera amesimama mbele yangu ananiuliza limekwisha au bado, na mimi nimeziba mdomo kwa kitambaa chake, siwezi kumjibu.

Nilipoziba mdomo vile ndipo nilipokukumbuka na ncha ya kanga yako. Kila ukicheka, kanga inapanda mdomoni. Watu walidhani ni aibu ya kike, nasi wanao tulijua ni mapengo. Naikumbuka siku gego lako lilipotoka lenyewe katikati ya wali, bila maumivu wala nini. Ulilitoa mdomoni, ukalitazama, ukasema, "Umri huo." Kisha ukanipa mimi kitindamimba wako, "Hebu litupe juu ya bati kama mnavyotupa ya kwenu, huenda nikaota jingine." Nikalirusha, likagonga bati, tukacheka wote. Ulikuwa hujafika hata hamsini. Nilicheka, mama, na hilo linaniuma mpaka leo. Kwenye picha ya harusi yangu umefunga midomo kama mtu aliyekasirika, na picha nyingine yako nzuri sina.

Nitakueleza aliyoniambia daktari, na usinikasirikie.

Unakumbuka miswaki yetu ya miti? Ulikuwa ukiikata mwenyewe, unatugawia alfajiri, tunakwenda shamba la mpunga kila mtu na kijiti mdomoni. Hapo hukukosea kitu. Lakini kijiti kikitoka na damu ulikuwa na amri yako: "Hapo usipaguse. Acha papone." Ukatupa maji ya chumvi tusukutue, basi. Kwako fizi ilikuwa kama kidonda cha mguuni, ukikitonesha hakiponi. Tukatii. Wakipiga mswaki, dada zangu waliyaruka meno ya nyuma, mimi nikayaruka ya mbele chini, na wewe mwenyewe mwishoni ulikuwa umebakiza upande mmoja tu wa kupiga mswaki. Nimeolewa, nimezaa, nimenunua miswaki ya dukani, na amri yako naifuata vilevile.

Daktari ni binti mdogo, angeweza kuwa mwanangu wa kwanza. Aliniamkia vizuri, akanilaza kwenye kile kiti, akachungulia.

"Mama, damu imeanza kutoka lini?"

"Zamani, daktari. Inakuja na kwenda."

"Na ikitoka unafanyaje?"

"Napaacha papone."

Kisha akanipa kioo nishike mwenyewe, akanionyesha. Ukoga ule mlaini wa kila siku, usipousugua, hubaki kwenye ukingo wa fizi na mwisho hukauka ukawa mgumu kama jiwe. Fizi inavimba, inakuwa nyekundu, inatoa damu. "Damu ndiyo inayokuita, mama, inasema hapa pachafu, njoo usafishe. Wewe ukapakimbia." Mimi nilipopaacha, uchafu ukazidi kushuka, fizi ikaachana na jino, na mfupa unaolishika jino ukaanza kuliwa taratibu. Nikamuuliza mbona sikusikia maumivu miaka yote hiyo. Akasema ndiyo ubaya wa ugonjwa huu, hauumi mpaka umeshakula. Kuhusu maji ya chumvi alisema yanatuliza tu, uchafu ule hayautoi.

Akaniuliza kama kwetu kuna kisukari. Nikamwambia wewe ulikuwa nacho. Akasema viwili hivyo vinachocheana: sukari ikipanda fizi inadhoofika, na fizi ikiugua sukari nayo inagoma kushuka. Nilitazama dari, mama. Niliikumbuka miaka yako ya mwisho, sukari haishuki, nasi tunakulaumu kwamba unakula vitu kwa siri. Nisamehe kwa hilo. Yangu walinipima siku ileile, ikawa sawa.

Walinichoma sindano ya ganzi, wakakwangua ule ugumu mpaka chini ya fizi, siku mbili tofauti. Nikapewa mswaki laini na masharti: asubuhi na kabla ya kulala, nielekeze mswaki pale fizi inapokutana na jino, nisugue polepole, na katikati ya meno nipitishe uzi wake maalumu. Na uzi wa kushonea nikatie mkasi! Hapo nilikusikia kabisa ukicheka. Mfupa ulioliwa, alisema, haurudi, ila uliobaki unaweza kuokolewa. Baada ya wiki sita atanitazama tena, aone kama fizi imelishika jino au tulitoe.

Wiki sita zinaisha kesho. Siku za mwanzo nilisugua huku nimefumba macho, natema damu, najiona najiua kwa mkono wangu. Wiki ya pili damu ikapungua, sasa ni tone moja moja. Fizi imekuwa ya waridi. Lakini jino bado nalisikia. Nimekatazwa kuligusa, na ulimi wangu unaliendea mara hamsini kwa siku. Ninaota naongea na wateja linaanguka kwenye kitambaa cheupe.

Nitasema ukweli, nilikukasirikia. Nilikaa kwenye benchi pale Kilosa nikakusema moyoni maneno ambayo ukiwa hai nisingethubutu. Hasira ikaisha nilipojiuliza wewe nani alikuambia. Hakuna. Zahanati tulikwenda kwa jino linalouma, na fizi zetu hazikuuma.

Halafu leo asubuhi, mama. Nilikuwa uani napiga mswaki, Zuhura mwanangu amesimama pembeni. Ana miaka minane, hukumwona. Nikatema, kukawa na damu kidogo, naye akaniambia kwa upole kabisa, "Mama, hapo usipaguse. Acha papone."

Sauti yake, maneno yako. Hakuyasikia kwako, ameyasikia kwangu. Nikamwambia apanue mdomo, nikamgeuzia kwenye jua, na pale kushoto, fizi nyekundu imevimba. Amekuwa akiiruka. Sijui tangu lini, sikuwahi kumtazama. Nikachutama, nikachukua mswaki wake, nikaupeleka palepale.

"Mama, inatoka damu!"

"Naiona. Hatuachi."

Kesho naenda naye. Daktari aanze na yeye, mimi nitasubiri benchini. Jino langu likibaki nitashukuru, na likitoka nitalia, maana nalipenda. Lakini sitalirusha juu ya bati, na sitamwambia mwanangu kwamba ni umri.

Nakuaga, mama. Jioni imeingia na Zuhura ananiita uani. Ameshika mswaki wake, anataka nisimame karibu amalize na ule upande unaotoka damu.

Mwanao kitindamimba,
Mikumi