Tenga Lililozibwa Kote

Sefu, mjukuu wangu, mume wangu wa huko kwenye baridi,

Marahaba. Mama yako hajambo, na goti langu ni lile lile. Lakini tangu nisomewe barua yako kwamba umefuga kware uani na theluji inakaribia, sina raha. Unauliza uwafunike na nini.

Enzi za Mwingereza, nikiwa msichana hapa Chanika, baba alinasa kware akaniwekea kwenye tenga. Masika yakaingia na upepo wa baridi. Nikaingiwa na hofu, nikalizungushia tenga magunia juu na pembeni, nisiache hata upenyo wa kidole. Siku ya pili nikafunua. Manyoya yalikuwa yamelowa kwa pumzi zao wenyewe, na watatu hawakuinuka.

Baba hakunigombeza. Aliondoa gunia la juu, akaacha la upande wa upepo, akatandika nyasi kavu.

"Baridi wangeivumilia, mwanangu," akasema. "Hewa ndiyo waliyoikosa."

Waliobaki wakapona.

Basi kinga upepo, tandika majani makavu, na juu acha wazi kidogo. Fanya leo hii, tafadhali, maana mie huku silali vizuri.

Tena mama yako ananiambia tangu baridi ianze hutoki, hupigi simu, na mtu akibisha hodi humfungulii. Nijibu upesi, Sefu. Sikuulizi kware tu.

Ni mie bibi yako.