Mlinzi Halindi Kwao

Jumatatu, 3 Machi

Leo tena nimefika Kyebando watu wameshafuturu. Wameshafuturu! Mimi ndiyo kwanza nawasha sigiri ya mkaa. Nani atanunua gonja, ndizi zangu za kuchoma, wakati tumbo limeshajaa uji na sambusa? Nimeuza vipande vichache kwa vijana wa boda. Vilivyobaki nimevila mwenyewe, kwa hasira, mpaka nikavimbiwa.

Ramadhani ni mwezi mmoja tu. Mwezi mmoja ambao mtaa mzima unatafuta gonja kabla ya magharibi, waliofunga na wasiofunga. Na mimi saa hiyo niko barabarani, natoka lindoni Lubaga kwa miguu kama mtu anayekwenda kuhiji.

Bi Rukiah, mwenye duka, ambaye kwenye baraza lake ndipo ninapochomea, ameniambia kwa upole (na upole wake ndio unaonitisha) kwamba kuna mwanamke mwingine ameulizia nafasi ile. Anaweza kuwasha moto tangu saa kumi. "Mama Lamunu, mimi sikufukuzi. Lakini baraza haliwezi kulala bure mwezi mtukufu."

Nimesema sawa, Bi Rukiah. Nimempa mpaka mwisho wa wiki ijayo. Yaani yeye ndiye amenipa mimi. Mshahara wa ulinzi unaishia kwenye chumba na mkaa. Gonja ndiyo inayomweka Lamunu shuleni. Baraza likienda, mtoto anarudi nyumbani. Hakuna hesabu nyingine hapo.

Miguu inawaka moto.

Jumanne, 4 Machi

Mubarak, supavaiza wetu, amekuja lindoni na pikipiki yake. Amenikuta nimekaa. "Lakot! Umekaa?" Nimekaa, afande. Nimetembea kutoka Kyebando kabla ya jua kutoka, nimekaa. Hilo la pili sikulisema. Nimelimeza, kama mengine.

Nimemwonyesha lango tena. Lango la chuma la kuvuta, zito kuliko ng'ombe, na limetoka kwenye reli yake. Kila mpangaji akipiga honi nalisukuma huku naliombea dua. Hii ni mara ya tatu namwambia. Amesema atamwambia mwenye nyumba. Mara ya kwanza alisema hivyo hivyo.

Halafu nimejipa moyo. Nimesema, afande, kampuni ina lindo Kyebando, lile ghala la saruji. Toka kwangu naliona. Niweke kule.

Amecheka! "Nyabo, mama, mlinzi halindi kwao. Hiyo ni rule ya kampani. Mtu akilinda kwao, anaiba na bandugu zake."

Kwa hiyo sote ni wezi, ila wezi wa mbali ni nafuu. Wanaogopa nitabeba mifuko ya saruji mgongoni na hawaogopi nitaanguka njiani kwa njaa. Baba yangu alikuwa sajini. Nimezaliwa kambini, nimekulia kambini, Kiswahili hiki nimekinyonya kwa askari wa kila kabila. Alilinda silaha hatua chache kutoka kitandani kwake miaka yote na hakuiba hata risasi. Mshenzi yule!

Alhamisi, 6 Machi

Yamenikuta makubwa Wandegeya.

Kila alfajiri pale, katikati ya njia yangu, napishana na mzee mmoja, unifomu kama yangu, kampuni yangu. Mimi nashuka, yeye anapanda. Tunainuliana mkono, basi. Leo mvua imetubana chini ya kibaraza kimoja cha duka. Tukasalimiana vizuri. Anaitwa Abdunoor. Ndevu nyeupe, viatu vimefungwa kwa kamba ya katani. Amefunga, na anatembea hivyo hivyo.

Nikamuuliza, Mzee, unakaa wapi? Lubaga, nyuma ya kanisa kubwa. Na unalinda wapi?

Kyebando. Ghala la saruji!

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Naye akacheka. Halafu kicheko kikaisha na tukabaki tunaangaliana, maji yanatutiririka shingoni.

"Dada, kila siku mimi napita mlango yako, wewe unapita yangu," akasema. "Sasa mwizi ni nani hapo?"

Nimekuwa nikiwaza hilo tangu asubuhi na nimechemka kutwa nzima. Watu wawili. Malindo mawili. Mtu mmoja ofisini, kwenye kiti, amekaa akapanga kwamba tupishane. Siyo kwa bahati mbaya — amepanga! Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, sawa, lakini huyu hata ramani haijui?

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya Wanawake. Nchi nzima imepumzika. Kampuni imetuma ujumbe kwenye simu, na maua: tunawaheshimu mama zetu. Nimeusoma nikiwa nimesimama kwenye lango la Lubaga, soksi zimelowa.

Basi nikampigia Mubarak, nikasema ngoja niheshimike. Nikamweleza mimi na Abdunoor. Badilisha tu, afande. Haitakugharimu kitu. Hata karatasi.

Amekataa kabla sijamaliza. "Ukianza kuchagua lindo, kesho utataka kuchagua na mshahara."

Ningependa! Nani asingependa?

Akaongeza kwamba kama nimechoka, wasichana wanaotaka kazi wamejaa ofisini. Nikasema nimeelewa, afande. Nimeelewa vizuri sana.

Jumapili, 9 Machi

Padri amehubiri subira. Gari lake lilikuwa nje, jeupe, limeoshwa.

Jioni Abdunoor amepiga simu. Amesema ameongea na mkewe, amefikiri. Kesho tusipishane Wandegeya. Yeye abaki kwao alinde lango langu, mimi nibaki kwetu nilinde ghala lake. Walinzi wa usiku hawatasema kitu, shida yao ni mtu wa kuwapokea tu, hata akiwa mbuzi.

Nikasema sawa kabla hajamaliza. Kisha nikamwambia habari za lango: mzee, usilisukume kwa kifua, lishike upande wa ukuta, na likikwama liache. Akasema insha Allah.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeamka jua limetoka! Nimekunywa chai nimekaa! Nimefika lindoni na viatu vikavu.

Hakuna aliyeuliza.

Ijumaa, 14 Machi

Wiki nzima! Saa kumi na mbili napokewa, na adhana haijafika gonja iko kwenye makaa, watu wamepanga foleni. Bi Rukiah amechukua vipande vyake vya futari na amesema yule mwanamke mwingine ameshamjibu hapana. Abdunoor naye anafuturu nyumbani kwake, na mkewe. Anasema mara ya mwisho ilikuwa kabla hajaajiriwa.

Ningefurahi. Nimefurahi. Lakini kuna jambo linanikereketa.

Mwenye ghala anapita kila asubuhi. "Askari, fungua." Jioni, "Askari, funga." Makarani wake pia. Wiki iliyopita askari wao alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe. Wiki hii ni mwanamke. Mzee amegeuka mwanamke na hakuna hata mmoja aliyeshangaa! Abdunoor anasema Lubaga ni vile vile. Wapangaji niliowafungulia mwaka mzima, niliowabebea mitungi ya gesi, niliowashikia watoto — hakuna aliyeuliza yule mama yuko wapi.

Mubarak kama kawaida yake ameshafanya ziara ya mwanzo wa mwezi, sasa anapiga simu tu. "Uko lindoni?" Niko, afande. Wala si uongo.

Tulidhani tunajificha. Kumbe hakuna aliyekuwa anatuona.

Jumatano, 19 Machi

Lango limemwangukia Abdunoor.

Mlinzi wa usiku wa Lubaga, asubuhi alikuwa hajaondoka bado, ndiye aliyenipigia. Mpangaji alikuwa anatoka, honi juu ya honi, mzee akavuta, likakwama, honi tena, akasukuma. Likamlalia lote. Nyonga na mguu. Wapita njia ndio waliolinyanyua. Mwenye gari alishuka akauliza kama lango litaweza kufunguka upande wa pili, kwa sababu amechelewa!

Wamempeleka hospitali kwa boda, katikati ya watu wawili, na nyonga imevunjika. Nyonga! Kwa boda!

Lile lango ni langu mimi. Mimi ndiye niliyepaswa kuwa chini yake. Siwezi kuandika zaidi, na si kwa huzuni.

Sijawasha sigiri leo.

Alhamisi, 20 Machi

Mubarak amekuja. Ghalani, Kyebando, moja kwa moja. Nikajua kazi imekwisha, nikaanza kufungua mkanda wa unifomu kabisa, nimrushie.

Hakufoka. Amechuchumaa karibu na mimi! Amenisalimia, ameniuliza Lamunu anaendeleaje. Sikujua kama analijua jina lake.

Nikamuuliza Abdunoor anaendeleaje. Akatazama pembeni. Hajaenda kumwona. Daktari anataka kumpasua na wanangoja kujua nani atalipa.

Kisha akasema taratibu, kwa sauti ya mtu anayekufanyia wema. Kwenye orodha ya kampuni, Lubaga ni Lakot. Abdunoor pale hayumo. Kwa hiyo kampuni haiwezi kumlipia mtu ambaye hakuwa kazini pale. Mwenye nyumba naye anauliza yule mzee alikuwa nani. Kesho nifike ofisini, mkubwa atakuwepo na mwenye nyumba atakuwepo. Niseme nilikuwa lindoni Lubaga. Niseme nilikwenda chooni. Niseme nikarudi nikakuta mzee mmoja nisiyemjua anavuta lango ili aingie.

Anavuta lango ili aingie! Yaani mwizi. Abdunoor, amefunga, mchana kweupe, mwizi.

Nikasema, afande, mzee yule amevaa unifomu yenu. Akasema unifomu zinaibwa kila siku.

Nikasema, nilikuambia habari za lango mara tatu. Akasema, "Na hiyo usiseme."

Halafu akatoa la mwisho. Nikisema hivyo, nabaki na kazi. Na siyo kazi tu. Ghala la Kyebando linakuwa langu, rasmi. Nisiposema, sote wawili tuliacha malindo yetu, sote wawili tumefukuzwa, na Abdunoor bado halipiwi. "Sasa utakuwa umemsaidia nini, nyabo? Fikiria mtoto."

Kumbe linawezekana! Siku zote lilikuwa linawezekana! Nilipoliomba nikiwa na miguu miwili na haki yangu, ilikuwa sheria. Sasa wanataka niuze mtu, sheria imekwenda chooni.

Kinachoniudhi kuliko vyote, nimekaa hapa nafikiria. Sikumtukana. Nimechoma gonja jioni, nimeuza vizuri, na kila nilipogeuza kipande nilikuwa nafikiria.

Ijumaa, 21 Machi

Ofisini, Old Kampala. Naandikia kwenye benchi la koridoni. Mkubwa yuko ndani na mwenye nyumba, nasikia wanacheka. Mubarak amesema nitaitwa. Amenipa na soda. Soda! Tangu niajiriwe sijawahi kupewa hata maji humu.

Sikulala. Nimejipangia maneno mawili. Nimejipanga kusema nilikuwa chooni. Nimejipanga pia kusema, lango lenu bovu, mshenzi wewe, mlipieni. Yote mawili nayajua kwa moyo. Naogopa mlango ukifunguka ni lipi litatangulia.

Kuna mwanamke amekuja akakaa pembeni yangu. Buibui jeusi, kandambili, mkoba wa karatasi wenye picha za eksirei zinazoonekana juu. Amenisalimia vizuri, kwa Kiswahili cha wazee wa mjini, ameuliza hali, ameuliza nyumbani, kama vile hana haraka. Kisha akaniuliza kama na mimi ni askari wa hapa. Nikasema ndiyo.

Anaitwa Shamsia. Nilishajua kabla hajasema. Ni mke wa Abdunoor.

Anasema tangu juzi anakuja hapa na wanamwambia mumewe si wao. Wamemwambia arudi na barua ya ajira. Anasema, "Mwanangu, miaka sita anatoka na hii nguo yao, mimi ndiye naifua, leo si wao?" Hakulia. Amekunja mtandio wake kwenye vidole, ameukunjua. Usiku mzee alikuwa anaita kwa maumivu, lakini yeye ndiye aliyemtuliza mkewe. Alimwambia asihangaike na wakubwa. Kuna mwenzake wa kike. Huyo akifika ataeleza yote.

Nikamuuliza, alikuambia jina lake? Sijui kwa nini niliuliza. Mjinga mimi.

"Lakot," akasema. "Humjui?"

Nimeinamia daftari hili, najifanya nina cha kuandika. Anadhani natafuta kumbukumbu ya jina. Ananingoja kwa adabu. Soda imepata joto, sijaigusa. Nataka akasirike, nataka anitikise mabega, ingekuwa rahisi kuliko hii adabu yake.

Mlango umefunguka. Mubarak. Anatabasamu. Hajamwona Shamsia, au amemwona hamjali.

"Lakot. Njoo, wanakungoja."

Shamsia amegeuka. Si kwa mlango. Kwangu. Ameuliza polepole, ni wewe?

Nimesema ndiyo, mama, ni mimi.

Ameushika mkono wangu wa kushoto kwa mikono yake yote miwili, anasema alhamdulillahi, alhamdulillahi, na sasa ndiyo analia. Hauachii. Naandika hivi hivi, daftari kwenye goti. Mubarak hatabasamu tena. Anaita mara ya pili —