Baba wa Nani

Alhamisi, 8 Mei

Baridi ya kuuma meno. Nimefunga kazi ya useremala mapema, nimewasha jiko la maranda ya mbao, nimepanga benchi. Wanaume sita, akiwemo Sefu wa duka la spea. Kijiwe chetu cha Alhamisi kina sharti moja: ukiulizwa habari, "poa" marufuku. Sema ulivyo. Sefu kasema hapati usingizi. Mzee Fidelis kalia kidogo, kasingizia moshi. Baba Neema kaulizwa, kajibu, "Poa." Hakuna aliyecheka.

Neema alikuwa mtoto wake wa pekee. Homa, Februari. Jeneza nilitengeneza mimi, hapa hapa penye benchi. Baba yake alishika ubao upande wa pili nikipiga misumari.

Jumatatu, 12 Mei

Kila tukimwita Baba Neema, uso wake unabadilika. Tunamtonesha kidonda. Nimezungumza na wenzangu: tumwite Deo, jina lake la ubatizo. Wote wamekubali. Sefu kasifu akili zangu, na yeye hasifu mtu. Nimejiona mwema.

Alhamisi, 15 Mei

Deo, karibu. Deo, chai hiyo. Jioni nzima. Ametutazama mmoja mmoja. Nikadhani ni nafuu. Alipoulizwa habari hakusema hata poa. Kaondoka mapema, chai kaiacha.

Jumanne, 20 Mei

Lori analoendesha Deo limeondoka kwenda Kasesya, mpakani, bila yeye. Tajiri wake kaja kuniuliza mimi. Mke wa Deo hajamwona tangu jana asubuhi. Simu kaiacha kitandani. Naogopa amejiua. Mbele ya Sefu neno hilo limenikwama, kwa hiyo naliandika.

Jumatano, 21 Mei

Stendi, hospitali, polisi, kaburini kwa mtoto. Hayupo. Sefu kafunga duka kutwa. Hakulifunga hata siku aliyozaliwa mwanawe.

Jioni Mama Neema kaja karakanani kwangu. Kasimama mlangoni, kakataa kiti.

"Shemeji, kwa nini mlimvua jina?"

Nikasema tulitaka kumpunguzia maumivu.

"Alirudi Alhamisi ile akaniuliza, sasa mimi ni baba wa nani? Kazini wameacha kumtaja mtoto. Kanisani wameacha. Kwenu ndiko alikokuwa anakuja kulisikia jina."

 Uso wa mumewe niliuona, nikausoma vibaya. Mjinga mimi. Mjinga na nusu. Kama amekufa, mkono wangu umo.

Alhamisi, 22 Mei

Tumekaa kijiweni bila yeye. Hakuna aliyeuliza habari.

Ijumaa, 23 Mei

Dada yake kapiga simu kutoka Chala. Yupo kwake. Kafika jana magharibi, sehemu kubwa ya njia kwa miguu. Hali chakula, haongei. Nimelia mbele ya mteja aliyefuata kitanda chake. Na anione.

Jumamosi, 24 Mei

Chala. Upepo mtupu. Nimemkuta nyuma ya nyumba, mbele ya turubai la maharage, koti la shemeji yake mabegani. Amekonda. 

"Baba Neema."

Kainua kichwa. "Naam."

"Habari?"

"Mbaya."

Nina umri huu, sijawahi kusikia mtu akijibu hivyo. Tumezoea nzuri, salama, hata msibani. Sikujua kinachofuata husemwaje. Nikakaa chini karibu naye.

Kasema Neema alikuwa akija karakanani kwangu, akiokota maranda marefu na kuyavaa mkononi kama bangili. Alikuwa akinidai nirande polepole yasikatike. Nilikuwa nimesahau kabisa. Kasema yapo mengine bado nyumbani, kwenye kopo.

Nimemwomba aje awasimulie wenzetu.  Aliendelea kuchambua maharage, nami nikachambua upande wangu. Dada yake alipotuita kula tulikuwa bado tunamzungumzia Neema, na tuliendelea.