Ukuta Uliotuinamia

Kwako Dada, wa kwanza kuzaliwa na wa kwanza kunichapa,

Pokea salamu zangu kabla hujaanza kuucheka mwandiko. Hujambo wewe? Shemeji hajambo? Na huyo mpwa wangu, ambaye nasikia akilia mtaa mzima unaamka, anaendeleaje? Mwambie mjomba wake anamsubiri kwa hamu, na kwamba mapafu hayo ameyarithi kwangu, si kwa baba yake. Sisi huku wazima kiasi. Mama analalamika, kwa hiyo ni mzima. Bibi magoti yanamuuma kila mawingu yakikusanyika, ila ulimi haujawahi kumuuma hata siku moja. Kitinda ameng'oka meno ya mbele, sasa kila akiongea anapiga mluzi. Baba naye... Baba nitakueleza.

Usishangae kuletewa barua zama hizi. Ningepiga simu, lakini unaijua simu ya nyumbani kwetu, ni kama redio. Inawekwa mezani, sauti inafunguliwa yote, kila mtu anachangia, na Baba ndiye anayekaa karibu nayo kuliko wote. Ninayotaka kukuambia hayasemeki mbele yake. Ndiyo maana nampa barua hii mama mshonaji, jirani yetu, anayekuja huko kumwona mwanawe. Ameapa hataifungua. Na kama ameifungua, basi shikamoo mama, ifunge tu uipeleke.

Dada, naogopa. Nimeliandika mapema ili usidhani ni utani wangu. Mimi huyu huyu Mdomo, niliyewaambia watoto wa mtaani kwamba niliwahi kumkimbiza nyoka mpaka akaomba radhi, siku hizi nikisikia tofali limegongana na tofali, moyo unaruka.

Mambo yalianzia kwenye chumba chako. Uliposema utakuja kupumzika na mtoto msimu wa mvua, Baba hakulala. Kesho yake akachora msingi nyuma ya jiko kwa ncha ya jembe. Mama alimshauri atafute vijana wamsaidie. Akasema mjukuu wake hatalala ndani ya ukuta uliojengwa na mkono wa kukodi. Kijana akamteua mmoja tu, mimi, na mshahara wangu ni kutukanwa.

Lakini nisikudanganye, raha ilikuwepo. Ulikuwa ule wakati joto linapokata tamaa na upepo unaanza kunuka vumbi lililoloa. Jioni tulijipanga mstari, Mama ananipa matofali, mimi nampa Baba, Kitinda anabeba vipande na kudai amebeba mazima. Bibi alikaa kando ya lundo la mchanga akichekecha, na kila nikipita ananiuliza kama hayo ni matofali au mayai ya kuazima. Tukimaliza tunachoma mahindi kwenye makaa pale pale, tunakula tukiutazama ukuta unavyopanda. Mikono yangu imekuwa ya chuma, Dada. Ukija usinikumbatie ghafla, utaumia.

Na Baba unamjua. Mafundi wenzake wanavuta kamba, wananing'iniza timazi, yeye anasimama pembeni ya ukuta, anafumba jicho la kushoto, anakunja midomo, kisha anasema tofali fulani limelala. Ukienda kupima, kweli limelala. Hawakumwita Fundi Jicho bure. Ile timazi yake, uzi na kipande chake cha chuma mwishoni, miaka yote imetundikwa sebuleni kama picha ya marehemu.

Siku moja alinituma maji. Nilirudi kwa njia ya nyuma, ndoo kichwani, nikauona ukuta wa nyuma kwa mbali. Dada, ulikuwa umeinama. Umeinamia ndani, kama mtu anayetaka kunong'onezwa siri. Nikasema ni jua. Nikasema ni ndoo imenikaza shingo. Nikaitua ndoo, nikainamisha kichwa upande huu na upande ule, na ukuta bado umeinama.

Nikaenda kumwambia Mama. Akaacha kukoroga, akaniambia nisimletee maneno, kwamba baba yangu alikuwa anajenga mji huu mimi sijui hata kupenga kamasi. Ila hakunitazama. Alikitazama chungu. Na baadaye nikamwona anavikusanya vichezeo vya Kitinda vyote kule kwenye kivuli cha ukuta, anavihamishia mlango wa mbele, kimya kimya.

Hapo nikaanza kuogopa kwa dhati. Baba alipoingia kuoga, niliitungua timazi msumarini, nikapanda juu ya pipa, nikaishusha upande wa ndani kutoka kozi ya mwisho, yaani ule msururu wa matofali wa juu kabisa. Chuma kikatulia. Kule chini, kati ya uzi na ukuta, ngumi yangu ikaingia yote, na ngumi yangu unaijua. Baba alikuwa anaimba bafuni. Nikashuka, nikairudisha timazi msumarini kabla hajamaliza wimbo.

Kesho yake nikawa namwangalia. Akasimama pembeni ya ukuta kama kawaida yake, akakunja midomo, akafumba jicho. La kulia. Dada, tangu tuzaliwe Baba hufumba la kushoto. Akasema ukuta umenyooka kama rula.

Nikataka kumfanyia ule mchezo wetu wa utotoni wa kumfichia mwiko wake wa kujengea. Nikauchukua, nikasimama nao mlangoni, mbele yake kabisa, baina yetu ni upana wa mkeka. Nilingoja anirushie udongo. Baba akanitazama usoni. Akanitazama hivi hivi, halafu akapaza sauti kumuuliza Mama huyu mvivu ameenda wapi na mwiko wake.

Kicheko nilikuwa nimekiandaa, kikakataa kutoka. Nikarudi kinyumenyume kwa ncha za vidole, nikazunguka jiko, nikaja tena nikikanyaga kwa kishindo na kupiga mluzi, nikasema nipo hapa. Akanitukana vizuri sana. Sijawahi kufurahia matusi kiasi kile, na sijawahi kuogopa kiasi kile.

Tangu hapo nikawa naona yote tuliyokuwa tukiyaita uzee. Akijimiminia chai, kidole chake kinatangulia kwenye mdomo wa kikombe. Mtu akipita, yeye hasalimu mpaka asikie sauti. Akivuka kizingiti, kiganja kinapapasa mwimo wa mlango kwanza. Sisi tunasema Baba siku hizi ana taratibu. Taratibu!

Nilipaswa kusema, najua. Lakini wewe ungeanzaje? Unamwambiaje Fundi Jicho? Kila asubuhi nilifungua mdomo, kila asubuhi ukatoka utani. Na ukuta unapanda. Ikafika siku ya kuamkia kupandisha boriti, mafundi wenzake wameshaalikwa waje kusaidia kuezeka. Mchana ule mvua ya kwanza ikashuka.

Kitinda akatoka mbio na ulimi nje kuonja matone. Akazunguka nyuma, mara akarudi ananivuta shati, akasema kwa mluzi wake kwamba ukuta wa mtoto unatafuna kitu. Nikaenda mbio. Mle ndani, kwenye pembe ambako Mama alikuwa ametandaza turubai, nikamkuta Bibi amekaa kwenye kigoda chake, mgongo ameuegemeza kwenye ukuta ule ule, anamenya karanga. Juu ya kichwa chake kulikuwa na ufa, na katika ufa udongo unachuruzika kidogo kidogo, unamwangukia begani, naye anaupangusa kama vumbi la kawaida. Wewe unakumbuka methali yake ya kila siku, kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulijenga ukuta, ndipo tukaletewa ufa.

Sikumwamkia wala sikumwomba ruhusa. Nilimbeba. Karanga zikamwagika, akanipiga kofi la sikio, akaniita jambazi na mwana wa majambazi, mpaka nikamtua jikoni. Kelele zile zikamtoa Baba. Akaenda mpaka mlangoni mwa chumba, akasikiliza, akasema ni udongo tu unakaa sawa, kesho boriti zinapanda.

Hapo, Dada, nikafungua mdomo. Nikasema Baba, boriti zisipande, ukuta umeinama, na aliyeuinamisha ni mimi. Nikasema siku ile alipokwenda kumpimia mtu msingi, mimi nilipandisha kozi peke yangu ili nijisifu, bila kamba wala timazi, nikafunika kasoro kwa udongo. Uongo mtupu. Siku ile nilikuwa bombani namchekesha msichana mmoja anayechota maji kwa madumu. Mama akaangusha kifuniko.

Baba akanishushia matusi ya kifundi ambayo siwezi kuyaandika, maana karatasi nimepewa na mama mshonaji na ni mtu wa heshima. Mwisho akaniambia kesho nije na nyundo na mti mrefu.

Asubuhi mvua ilikuwa imepoa. Nikausukuma ukuta kwa mti nikiwa mbali. Haukubisha. Ulianguka kama mtu aliyekuwa anangoja ruhusa. Vumbi lilipotulia tukakumbuka kigoda cha Bibi, tulikisahau mle ndani. Tulikitoa vipande vipande. Bibi akavitazama, akavikusanya kwenye upindo wa kanga, akaenda navyo jikoni. Tangu siku hiyo hajanitukana hata mara moja, Dada, na hilo pia linanitisha.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu. Tulikuwa tunachambua matofali yaliyo mazima, mimi na Baba. Akaokota mawili yaliyobaki yameshikana, akapitisha kidole gumba kwenye kiungo cha udongo kati yake, polepole, mara mbili. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba viungo vyangu mimi ni vinene kama mkate, na hiki ni chembamba. Kwamba mkono wake anaujua. Nikaanza kubabaika na uongo mwingine, akaniambia ninyamaze, nimeshajenga vya kutosha.

Ndipo akasema. Jicho la kulia limezimika tangu mavuno yaliyopita. La kushoto linaona kama mtu anayechungulia ndani ya jiko lenye moshi. Alidhani mkono utamalizia palipomshinda jicho. Akaniuliza nani mwingine anajua. Nikasema hakuna, na Mama akakohoa huko jikoni. Akasema basi asijue mtu zaidi, na zaidi ya wote usijue wewe, unanyonyesha, usitiwe hofu. Nikamwahidi. Ahadi yenyewe ndiyo hii unayoisoma.

Nimemsaliti kwa sababu moja. Tumeanza upya ukuta. Timazi imetoka sebuleni, sasa inaning'inia pale pale kazini. Baba anaweka tofali kwa vidole, analigonga kwa mpini wa mwiko, anasikiliza, halafu ananiuliza mimi limekaaje. Nikisema lisukume nje kidogo, analisukuma. Nikisema sawa, anapaka udongo na kuendelea, hapapasi tena, hagongi tena. Ananiamini, Dada! Mimi! Maisha yangu yote nimesema nimeshaoga wakati sijaoga, nimeshasoma wakati kitabu nimekikalia, na hakuna aliyewahi kuniamini, wala sikuwalaumu. Sasa mtu anapandisha ukuta juu ya neno langu, na chini ya ukuta huo atalala mtoto wako. Baba akienda kunywa maji, narudi napima tena, na nikimaliza naogopa kwamba nimepima kwa hamu ya kuona sawa. Usingizi sina. Wote wananisifu nimekuwa mtu mzima. Kama hivi ndivyo utu uzima ulivyo, mngenitahadharisha.

Kwa hiyo nakuomba uje mapema, kabla ya boriti. Baba hawezi kwenda kwa daktari wa macho kwa ajili yake, anasema macho si jino useme utang'oa. Lakini kwa mjukuu ataenda. Mwambie mtoto ana matongotongo yasiyokwisha, na unaogopa kwenda naye peke yako. Huo uongo nakuachia wewe. Mimi nimeacha, kazi yangu mpya hainiruhusu.

Na ukifika, Dada, kabla hujamlaza mtoto, usinionee haya. Timazi iko kwenye msumari wa mlango. Panda juu ya pipa, ishushe, upime mwenyewe.

Nisalimie shemeji, mbusu mpwa wangu pale shavu lilipojaa. Mama anakusalimu, Bibi anakusalimu, Kitinda anakupigia mluzi. Baba angekusalimu kama angejua naandika. Sasa hivi ananiita huko nje, anauliza tofali la pembeni limekaaje. Sijamjibu. Nafuata timazi kwanza.

Ni mimi mdogo wako,
Mdomo