Mke Mwenza Mwenye Magurudumu Sita

Barabara ya Kinu,
Pellham Gore, Vermont.
6 Oktoba 1996

Mpendwa Wifi Lucille,

Hujambo wifi yangu, na kifua nacho hakijambo? Naomba jua la huko Arizona liwe limekufungua mapafu, ulale bila ile miluzi yako. Huku kwetu majani yamekuwa mekundu mlima mzima, asubuhi vioo vinaganda, na goti langu la kushoto limeshatangaza baridi kabla ya redio. Vinginevyo tu wazima. Ile chupa ya shira uliyoiomba nimeifunga kwa magazeti. Ikipasukia njiani walaumu posta, usinilaumu mimi.

Najua unangoja habari za kaka yako. Zinakuja, lakini kwanza niache nipumue, maana nina wivu. Wivu wa kutoa machozi, Lucille, mimi mtu mzima wa miaka sitini na mbili ambaye meno ya mbele si yangu. Na usinicheke, maana nakusikia hadi hapa.

Loretta unamkumbuka, lile gari jekundu la zimamoto la mji wetu. Tangu kaka yako Alden awe mkuu wa zimamoto, kazi ya kujitolea isiyo na mshahara, mimi nimeishi uke wenza. Jumapili tukitoka kanisani naweka kuku mezani, mwenzangu yuko kituoni anamfuta vumbi mpenzi wake. Akikohoa Loretta, Alden anaruka kitandani. Nikikohoa mimi naambiwa, "Funga dirisha, Verna." Siku yangu ya kuzaliwa mwaka jana nilipewa kikaango. Loretta yeye alipata kengele mpya inayong'aa, nayo ilifungwa utepe.

Haya yote nilikuwa nayameza. Lakini Februari daktari alimsikiliza moyo akamwambia aache habari za kupanda ngazi na kukimbia na mipira ya maji, ama sivyo atatuachia msiba. Nikambana jikoni. Akanywa kahawa yake taratibu, akatazama nje, akasema, "Siku Loretta akitoka kituoni, na mimi natoka. Nimwachie nani? Vijana hawajui kumbembeleza." Nikamwuliza kama amepanga kufa kabla yake au baada yake. Akasema kahawa imepoa.

Unajua mimi ni mwenyekiti wa baraza la mji, tuko watatu: mimi, Merle Pratt wa ng'ombe na Constance wa posta. Kila mwaka kabla ya mkutano wa Machi tunakwenda kuona kwa macho yetu polisi wanahitaji nini na zimamoto wanahitaji nini, ndipo tuwapelekee wananchi jambo la kupigia kura. Mwaka huu mfuko ulitosha jambo moja tu. Ama gari jipya la zimamoto, ama gari la polisi na askari wa pili.

Tulianza kwa Roland Thibodeau, mkuu wa polisi ambaye pia ndiye polisi wote tulio nao. Mlango wa nyuma wa gari lake umefungwa kwa kamba. "Nikimkamata mtu inabidi aingilie dirishani," alituambia. "Juzi nimemkamata mlevi, tukakwama kilimani, akashuka akasukuma. Nikaona aibu kumfungulia kesi." Merle alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nilimwonea huruma kweli, maana usiku wa theluji anazunguka peke yake, na mkewe halali mpaka amsikie mlangoni. Wasiwasi huo naujua.

Kisha tukaenda zimamoto. Alden alikuwa amempaka Loretta nta mpaka ukijitazama ubavuni unaona umekonda. Tukamteremsha bwawani, tukatoboa barafu, tumjaribu pampu. Maji yakatoka kwa kishindo, kisha yakaanza kukatika, mwisho yakawa yanadondoka kama mtoto anayekojoa kwa woga. Alden akampigapiga ubavuni kwa kiganja, anamnong'oneza, "Haya mama, haya, usiniaibishe mbele za watu." Mama! Miaka arobaini ya ndoa, mimi ni Verna tu.

Maji yakarudi. Merle akamwambia, "Alden, nyumba yangu ikiwaka nitakuwa sina muda wa kungoja wewe umtongoze."

Sasa sikiliza ajabu. Kaka yako mwenyewe ndiye aliyesema hahitaji gari jipya! Alisimama mbele yetu, kofia mkononi, akasema Loretta bado mzima, mpeni Roland hilo fungu. Watu wakamsifu kwa moyo wa kujinyima. Moyo wa kujinyima, nyoko! Alikuwa hataki kuachana na bibi yake.

Kwenye kura ya baraza Merle alikuwa upande wa polisi, Constance upande wa zimamoto, nikabaki mimi. Nikasema haifai nipige kura, mkuu wa zimamoto ni mume wangu. Merle akanijibu, "Ukikaa pembeni wewe, na mimi nikae pembeni, maana Roland ni mtoto wa dada yangu. Tumwachie Constance mji mzima na paka zake?" Basi nikainua mkono. Gari jipya. Ni kweli pampu ilikuwa mbovu na ningeweza kukuandikia ukurasa mzima juu ya pampu, lakini wewe ni wifi yangu. Nilitaka yule mwanamke atoke kituoni, na mume wangu atoke naye akiwa hai.

Machi wananchi nao wakapitisha. Wanawake walinikumbatia pale kwenye mlo wa maharage ya kuokwa baada ya mkutano, "Jamani Verna, unampenda mumeo!" Nikasema asanteni. Roland hakunisemesha mpaka Pasaka. Baadaye tulimpatia gari lililostaafishwa na polisi wa jimbo, milango yake minne yote inafunguka, na sasa akinipita ananiinulia vidole viwili kwenye usukani. Askari wa pili tumemwahidi mwakani, na safari hii nitamtetea mimi mwenyewe.

Gari jipya lilifika Septemba. Unajua desturi yetu: la zamani linalimwagia jipya maji, kisha mji mzima tunalisukuma kwa mikono mpaka ndani ya kituo. Nikaweka viganja vyangu nyuma yake nikasukuma kuliko wanaume. Nikawa namchungulia Alden nione anavyolitazama, maana niliogopa nimemwoza mke mdogo kwa mkono wangu. Hakulitazama hata mara moja. Kisha akavua ile kofia nyeupe ya mkuu, akamvisha msaidizi wake Dale Bushey, akasema, "Usipandishe watu wako juu ya paa usilolijua." Basi, hiyo tu. Ametimiza ahadi. Nililia, Lucille. Nikaenda nyumbani nikaoka pai mbili za tufaha na kuimba nyimbo ambazo hata sizijui vizuri.

Jumamosi iliyofuata tukampiga Loretta mnada kwenye ua wa kituo. Mwenyekiti ndiye anayethibitisha mauzo, kwa hiyo nilisimama pembeni ya dalali nimevaa koti langu la bluu. Aliyejitokeza ni mnunuzi mmoja wa vyuma chakavu kutoka Rutland. Alikuwa anampiga Loretta mateke madogo ya kiatu, anasikiliza unene wa chuma. Nitakuambia kweli, nilifurahi kila teke.

Jamaa akataja bei. Dalali akapaza sauti, "Nani anaongeza?" Kimya. Nikawa nasali kimoyomoyo, piga nyundo, baba, piga. Ndipo nikaona mkono umeinuka nyuma ya kofia ya Merle. Mkono ule ninaufulia mashati. Alden, na koti lake la kanisani! Wa vyuma akaongeza, Alden akaongeza. Wa vyuma akatema mate, akarudi kwenye lori lake.

Mtu akapiga kelele, "Alden Colburn! Bibi anajua?"

"Anajua," akasema kaka yako, mkavu kabisa.

Sikujua lolote! Uwanja mzima ukanigeukia. Na kwa kuwa ni mwenyekiti, ilinibidi niseme "imeuzwa", na nikasema, kwa mdomo wangu huu. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Kwa hiyo ahadi imetimizwa: Loretta katoka, Alden katoka, wametoka wote wawili wameshikana mikono. Sasa Loretta amewekwa katikati ya kamba yangu ya nguo na banda la kuni, chini ya dirisha la jikoni. Naosha vyombo tunatazamana. Baridi ilipoanza Alden akamfunika boneti kwa lile blanketi la viraka alilolishona marehemu mama yangu. Hapo nikaona imetosha. Jana baada ya chakula cha mchana nikatoka na aproni yangu, nimejipanga, nimwambie achague moja.

Nikamkuta amekaa kwenye usukani, blanketi lipo kwenye kiti cha pili, limekunjwa vizuri. Akaniambia, "Panda."

"Sipandi."

"Verna, panda, utapata baridi."

Lucille, miaka yote hiyo sijawahi kukanyaga humo ndani, maana sheria inasema ni wa zimamoto peke yao. Nikapanda kwa hasira, nikakaa juu ya viraka vya mama. Nikamwuliza daktari alisemaje. Akasema daktari alimkataza kukimbia, hakumkataza kuendesha. Nikamwambia nimechoka. Akafuta dashibodi kwa kidole, kisha akasema, "Kila siku unaniambia nina nyumba mbili. Basi nimebaki na moja."

Nikajifunga upya aproni yangu, ingawa haikuwa imefunguka.

Akabonyeza stata. Loretta akawaka papo hapo, mara moja tu, katika baridi ile. Mimi tangu niolewe sijawahi kumwitikia mtu yeyote upesi namna hiyo. Na uso wa kaka yako ukafurahi, ukawa ule uso aliokuja nao kwa baba yangu kuniposa. Nikamchukia upya yule mwanamke, nikamchukia kuliko mwanzo. Lakini sikushuka.

Msalimie sana shemeji Howard, na Peggy na wanawe, mwambie Peggy sweta ya mdogo iko kwenye sindano, imebaki mikono. Merle naye anakusalimu, anasema ng'ombe uliyempa jina lako ametoa maziwa mengi. Alden anasema atakuandikia mwenyewe, kwa hiyo usingoje. Mungu akupe pumzi ndefu na usingizi mtamu, akurudishe kwetu kiangazi tukutane uso kwa uso.

Ni mimi wifi yako nikupendaye, pamoja na wivu wangu wote,
Verna